Simu ya Sarafu Si Pambo

Mwenye hoteli mmoja wa mjini Embu alinitolea shilingi elfu nane anunue simu ya sarafu ambayo mimi nilikuwa nimeinunua kwa elfu mbili na mia tano. Nikakataa. Habari zilipofika katika chumba cha walimu, wenzangu walinicheka kwa siku tatu, na mmoja wao, mtu mwema ninayemheshimu, aliniuliza ikiwa mwalimu wa chuo cha ualimu amekwisha kuwa tajiri kiasi cha kuipiga teke faida. Insha hii ni jibu langu kwake, na kwa wote wawazao kama yeye. Nao ni wengi.

Mwenye hoteli hakuitaka simu. Alitaka sanduku lake. Shauri lake lilikuwa kuyatoa matumbo yote, kulipaka sanduku rangi nyekundu kama vibanda vya London, kulitia taa ndani, na kulitundika mlangoni ili wageni wapige picha. Kabla yake, mwuza chuma chakavu aliyeniuzia alikuwa na shauri jingine: kulivunja kwa nyundo, shaba upande huu na chuma upande ule, kila kimoja kwa bei yake ya kilo. Watu hawa wawili huenda wasipatane juu ya jambo lolote jingine, lakini katika hili walikuwa ndugu: wote waliona kuwa kilichomo ndani ya sanduku ni takataka. Mimi nasema kilichomo ndani ndicho chenye thamani. Katika nchi ambayo kijana aweza kumaliza shule bila kuuona umeme ukifanya kazi mbele ya macho yake, kuyatoa matumbo ya chombo kama hiki ni ubadhirifu, hata kama ubadhirifu huo unalipwa elfu nane.

Nakiri mapema lililo kweli, nisije nikadhaniwa kuwa naililia dunia iliyopita. Nilipokuwa mtoto nilisimama na mama yangu katika foleni mbele ya kibanda cha simu, sarafu zimelowa jasho mkononi mwangu, na zamu yetu ilipofika tukakuta mstari umekufa. Tulirudi nyumbani bila kumwambia mjomba habari tuliyotumwa kumwambia. Leo mkulima wa miraa wa Igembe huuliza bei akiwa shambani, na tangu mwaka 2007 ilipokuja M-Pesa, mabadiliko yamefuatana hata fedha yenyewe imejifunza kusafiri ndani ya simu. Simwombi mtu yeyote arudishe foleni ile. Wala nisitajiwe ile methali ya mbacha na msala, maana simu ya sarafu haikuwa mbacha wangu. Ilikuwa ya watu wote, na iliharibika mara nyingi. Shauri langu ni juu ya kujifunza, si juu ya kutumia.

Sanduku hili nililikuta mjini Meru, upande wa soko la Gakoromone, chini ya rundo la mabeseni yaliyotoboka na rejeta za magari. Lilikuwa la chuma kinene, zito karibu kama debe la mahindi, lenye kisahani cha tarakimu usoni, mkono wa simu ulioning'inia, na tundu la sarafu juu. "Mwalimu," mwenye yadi akaniambia, "hiyo ni ya wakati wa Mkoloni. Ongeza kidogo."

Sikuongeza, ila nilimwuliza alikoipata. Swali hili kila mnunuzi wa vitu vya kale katika nchi yetu ni wajibu wake kuliuliza kabla ya kutoa pochi. Nyaya za shaba za simu zimeibwa miaka nenda miaka rudi, na kila waya ulioibwa ulikuwa na zahanati au shule mwishoni mwake. Iko sheria ya biashara ya chuma chakavu ya mwaka 2015 inayomtaka mfanyi biashara huyu awe na leseni. Na mnamo Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuanguka na nchi kuingia gizani, serikali iliipiga marufuku biashara yote kwa miezi kadhaa. Mwenye yadi alinionyesha leseni yake, akaniandikia kwa mkono kwamba sanduku alilinunua pamoja na rafu na mizani za duka moja lililofungwa. Karatasi hiyo ninayo. Lau asingeiandika, ningeliacha sanduku pale pale, na insha hii isingekuwako.

Nikapanda matatu kwenda Embu, sanduku mapajani. Utingo alinitoza nauli ya mtu mzima kwa ajili yake. Kutoka Chuka hata mto Thuci abiria mmoja aliniuliza mara mbili kama lina fedha ndani.

Basi, kazi ya kwanza ni kukitambua chombo, na hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa kuwa humwamini mwuzaji. Kwa mwuzaji kila kitu cheusi na kizito ni cha Mkoloni. Nilipofungua kifuniko niliona tarakimu zimegongwa katika bamba la ndani: herufi za aina, herufi za kiwanda, kisha 67. Watengenezaji wa simu za Kiingereza walikuwa na desturi ya kupiga muhuri wa mwaka kwa tarakimu mbili. Mwaka 1967 Kenya ilikuwa huru tayari kwa miaka minne, na simu zetu zilikuwa chini ya shirika moja la posta na simu la Afrika Mashariki, letu pamoja na Uganda na Tanzania. Shirika hilo lilivunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya. Kenya ikaunda lake, nalo likagawanywa mwaka 1999, upande wa simu ukawa Telkom Kenya. Kwa hiyo Mkoloni wa mwenye yadi alikwisha kuondoka zamani.

Lakini shahidi mmoja hatoshi. Nyuma ya kisahani cha tarakimu palikuwa na 72, na ndani ya mkono wa simu palikuwa na 70. Je, simu ina miaka mitatu ya kuzaliwa? La. Ina mwaka mmoja wa kuzaliwa na mara mbili za kutibiwa. Mafundi wa zamani hawakutupa simu iliyoharibika. Waliichukua karakanani, wakatoa kiungo kibovu na kutia kizima. Mwenye hoteli angeona kasoro katika tarakimu hizo, kwa kuwa vitu vyake havilingani. Mimi naona humo historia ya watu waliojua kutengeneza.

Shahidi wa tatu ni umbo. Masanduku ya Kiingereza ya tangu mwaka 1925 yalikuwa na vitufe viwili, A na B. Mpigaji alitia sarafu kwanza, nazo zikagonga kengele ndani ya sanduku ili opereta asikie na kuhesabu kwa sikio. Akijibiwa alibonyeza A, sarafu zikaanguka. Asipojibiwa alibonyeza B, akarudishiwa. Sanduku langu halina vitufe hivyo. Ni la mtindo uliofuata, ulioanza huko kwao mwishoni mwa miaka ya 1950, ambao mpigaji alizungusha namba kwanza, na alipojibiwa ndipo alipoisukuma sarafu. Shahidi wa nne alikuwa mama yangu. Alinitafutia katika kopo la vifungo shilingi moja ya zamani, ile kubwa iliyotumika kabla fedha zetu hazijabadilishwa katika miaka ya 1990. Nilipokiinua kifungio cha tundu kwa kidole, shilingi ile ilipita na kutua ndani ya kisanduku cha fedha kwa mlio mzuri. Nikatia shilingi ya leo. Kwa kuwa ni ndogo, ilichepuka njiani ikatupwa nje katika kikombe cha kurudishia. Wanafunzi walicheka sana. Chombo kisicho na macho wala betri kilikuwa kimeipima sarafu na kuikataa.

Naambiwa kuwa huo ni mchezo, na kwamba kijana wa leo afundishwe kompyuta. Nakubali afundishwe kompyuta. Lakini naomba wasemao hivyo wafanye jaribio moja dogo kabla ya kunihukumu. Watwae betri mbili za tochi, balbu yake, na nyaya mbili, waziunganishe mfululizo na swichi ya kisahani cha simu. Balbu itawaka. Wazungushe 3 na kuachia. Kisahani kinaporudi, balbu itazimika mara tatu. Wazungushe 7, itazimika mara saba. Wazungushe 0; itazimika mara kumi, kwa muda wa sekunde moja hivi, kwani kisahani kizima hukata mkondo mara kumi kwa sekunde. Hapo mwanafunzi ameona kwa macho yake tarakimu ikigeuzwa kuwa kuwaka na kuzima, na kompyuta nayo, kwa ukubwa wake wote, hujengwa juu ya kuwaka na kuzima. Nimefundisha jambo hili kwa chaki miaka sita. Kwa kisahani nililifundisha kwa dakika nne.

Sasa nyaya. Kwanza, usikate chochote kabla hujachora. Zamani mafundi walibandika mchoro wa nyaya ndani ya vyombo vingi vya namna hii. Katika langu karatasi ililiwa na mende, ikabaki pembe moja. Kwa hiyo wanafunzi wangu walichora ramani yao wenyewe: kila skurubu, kila waya na kila mahali unapokwenda, kazi ya alasiri mbili. Pili, usiamini rangi. Waya uliokuwa mwekundu mwaka 1967 huenda leo ni kahawia, na yawezekana fundi fulani alitumia waya aliokuwa nao. Uamini mita.

Simu hii, kama simu zote za nyumbani za enzi yake, yahitaji nyaya mbili tu za mstari, na mita itakuonyesha ni zipi. Weka mita ya mshale kwenye kipimo cha omu, gusa jozi unayoishuku mkono wa simu ukiwa umetundikwa. Mshale utaruka kidogo kisha urudi ulale. Inua mkono wa simu. Mshale utasimama mahali pa omu mia moja, mia mbili au mia tatu. Kwa nini uliruka ukalala? Kwa sababu simu ikiwa imetundikwa, kilichounganishwa na mstari ni kengele, na mbele ya kengele iko kapasita. Kapasita hujaa, mshale ukaruka. Ikisha kujaa, mkondo wa moja kwa moja haupiti tena. Mkondo wa kurudi na kwenda, ambao kituo cha simu huuleta wakati wa kupigiwa, hupita na kuitikisa kengele. Ndiyo hila iliyowezesha nyaya mbili tu kubeba mwito na mazungumzo pia.

Nataka nisimulie lililotokea hapo, maana ndilo hasa linalonifanya niandike. Alikuwako mwanachuo mmoja aliyepata alama nzuri ya fizikia katika mtihani wa kidato cha nne. Maana ya kapasita aliijua kwa moyo, neno kwa neno. Mshale uliporuka na kulala, aliomba arudie. Akarudia mara tano, akizigeuza nyaya huku na huku. Kisha akasema polepole, "Kumbe ndiyo hii." Alikuwa ameishika kapasita kwa mara ya kwanza maishani mwake, naye alikuwa amebakiza miezi saba aende kufundisha watoto wa watu. Simlaumu yeye hata kidogo, wala siilaumu shule yake. Vyombo ni haba na madarasa yamejaa. Tangu mwaka 2023 wanafunzi wa gredi ya saba wana somo la kuwatangulizia ufundi, nasi tunatazamiwa kuwaandaa walimu wake. Tutawaandaa kwa nini, ikiwa kila chombo kinachofunguka kwa bisibisi kimegeuzwa taa ya mlangoni? Simu ya mkononi haifundishi hivyo. Ukiifungua huoni kitu kinachotembea, na yamkini haitafungika tena.

Kwa yule atakayeijaribu kazi hii, nataja yaliyotusumbua. Sauti ilikuwa hafifu kwa kuwa chembe za kaboni ndani ya kipaza sauti zilikuwa zimeshikana kwa unyevu. Tuligonga mkono wa simu taratibu juu ya kiganja zikaachana. Kisahani kilirudi kivivu kwa sababu ya grisi ya kale. Vigusio vya ndoano ya simu vilikuwa vimeota kutu nyembamba, navyo husafishwa kwa kipande cha karatasi ngumu kinachopitishwa katikati yake, kamwe si kwa msasa, kwani msasa hula madini yaliyopakwa juu. Tukaazima simu ya mezani kuukuu kutoka ghala la chuo, tukaziunganisha mbili hizo mfululizo na betri ya pikipiki ya volti 12. Katika njia hiyo hiyo tulitia balbu ndogo ya volti 12, ili nyaya zikigusana kwa makosa balbu iwake badala ya waya kuungua. Mwanachuo mmoja akakaa maabara, mwingine akaenda na waya hadi chini ya mgrevilea, wakazungumza. Maneno yao ya kwanza yalihusu chakula cha mchana.

Kengele haikulia kwa betri, wala isingeweza. Hutaka mkondo wa kurudi na kwenda wa volti kama sabini na tano. Hapa naonya kwa ukali: asithubutu mtu kuunganisha simu na umeme wa nyumbani wa volti 240 ati kwa kuwa nao hurudi na kwenda. Utaiua simu, na huenda ukajiua mwenyewe. Vilevile, kifaa kitakachounganishwa na mtandao wa umma sharti kiwe kimeidhinishwa. Hatukuunganisha chetu na mstari wa mtu, tumekiweka ndani ya chuo tu. Kengele tuliiliza kwa kile kifaa kidogo kinachoziwezesha simu za zamani kuzungumza kupitia mtandao wa kompyuta. Mara ya kwanza ilikohoa. Vikombe vya kengele hizi vimetobolewa pembeni kidogo ya kitovu, hivyo ukikizungusha kikombe hukaribia nyundo au huiepuka. Tulivizungusha, ikalia, na mpishi akatoka jikoni kutazama kuna nini. Kifaa kile, hata hivyo, hakikuelewa kisahani. Kilizoea milio ya vitufe, mtindo ulioanza Marekani mwaka 1963. Simu yetu basi hupokea, haipigi, mpaka tupate kifaa kinachojua kuhesabu makato. Nayo sehemu ya sarafu haitatumika tena, kwa kuwa ilisubiri ishara kutoka kwenye mitambo maalumu ya kituo cha simu, na mitambo hiyo haipo. Sikuificha kasoro hii kwa wanafunzi. Kujua ni sehemu gani imekufa na kwa nini imekufa ni somo lililo sawa na kuifufua nyingine.

Mwenzangu wa chumba cha walimu ana hoja moja iliyonipa taabu. Alisema hata Waingereza wenyewe wamegeuza vibanda vyao. Ni kweli, tangu mwaka 2008 vijiji vya huko vimeuziwa vibanda vitupu kwa pauni moja, vikawa maktaba ndogo na mahali pa kuweka vyombo vya kushtulia moyo. Akauliza, kwa nini sisi tuwe wagumu kuliko wenye mali? Jibu langu ni kwamba kibanda si simu. Kibanda ni kuta na mlango, na kukitia vitabu ni kukiheshimu. Mwenye hoteli wa Embu hakutaka kuuhifadhi ukuta. Alitaka kuitupa simu na kubaki na ngozi yake. Tena Waingereza walipotupa simu moja walikuwa na nyingine kama hiyo katika majumba ya makumbusho pamoja na michoro yake. Mimi mchoro wa simu yangu uliliwa na mende, na ramani iliyopo ni ile iliyochorwa kwa penseli na wanachuo thelathini na mmoja.

Mwenye hoteli alirudi mwezi uliopita, safari hii na elfu kumi. Nilimkaribisha maabara, nikamketisha mbele ya balbu, nikamwambia azungushe namba ya mwaka wake wa kuzaliwa. Akazungusha moja, balbu ikazimika mara moja. Akazungusha tisa, akahesabu kwa midomo. Alipomaliza tarakimu zote nne alizungusha tena, kisha akauliza ikiwa chombo kama hicho chaweza kuwekwa kwenye kaunta yake, na kingine jikoni, ili asimtume mtoto kila mara kuuliza kama nyama imeiva. Nikamwambia chaweza, kwa waya mbili na betri. Akauliza tena bei. Yangu sikumwuzia, lakini Jumamosi tunakwenda naye Meru, kuona kama mwenye yadi amepata nyingine kabla ya nyundo.